Pazia Jipya, Paa Linavuja

Dada zetu wa Unguja na Pemba, na wenzetu tuliotawanyika bara kutafuta riziki.

Leo hatukuja na mapishi wala mishono. Tumekuja kugombana kidogo, na tunaanza kujigomba wenyewe. Sisi ni wawili, mtu na wifi yake, na kazi yetu ni kushona. Huku Singida mjini tulikowafuata waume zetu, mapazia, foronya na sare za skuli ndiyo yanayolipa ada za watoto wetu. Sikukuu ikikaribia cherehani hazipoi. Kwa hivyo tunalolisema leo linatupunguzia wateja, lakini kulinyamazia ni vibaya zaidi. Wengi kati yenu mnaotuletea kitambaa cha pazia hamhitaji pazia jipya mwaka huu. Mnahitaji misumari ya bati.

Msikasirike kwanza. Someni mpaka mwisho, kisha mkasirike.

Doa la rangi ya chai

Singida si kama kwetu visiwani. Kwetu tuna masika na vuli, na hewa ya chumvi mwaka mzima. Huku mvua ni msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Disemba na kwisha Aprili au mwanzo wa Mei. Miezi iliyobaki ni jua, vumbi na upepo. Upepo wa Singida ni mkali na wa kudumu, ndiyo maana mkoa huu hutajwa kila yanapozungumzwa mambo ya kuzalisha umeme wa upepo nchini.

Upepo huo hausubiri siku ya dhoruba ndipo uezue paa. Kila siku unalitikisa bati kidogo, msumari unalegea kidogo, tundu linapanuka kidogo. Jua la mchana linalitanua bati, baridi ya usiku inalirudisha, na ule mpira ulio chini ya kichwa cha msumari unakauka na kupasuka. Yote haya hutokea kiangazi, wakati hakuna hata tone moja la mvua la kukwambia. Nyumba huharibika kimya kimya, ikaja kusema siku ya mvua.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, tuliona doa la rangi ya chai kwenye dari ya fremu tuliyopanga. Fundi alipanda, akashuka na habari: misumari ishirini na kitu imelegea, na bati mbili zimetoboka kwa kutu kwenye maungio. Alitaka shilingi 60,000, vifaa pamoja na ufundi. Tulimwambia mwenye fremu, akasema tusubiri mpaka kodi ijayo. Nasi tukasema, basi, nyumba si yetu. Wiki hiyohiyo tulinunua kioo kirefu cha wateja kujitazama na zulia la mlangoni, shilingi 140,000, ili duka lipendeze.

Ikaja mvua kubwa ya kwanza ya Disemba, usiku. Asubuhi tulikuta majora sita ya kitambaa cha sare yameloa chepechepe, na buluu imechuja ikaingia kwenye nyeupe. Ukijumlisha na sare zilizokwisha katwa, hasara ilikuwa shilingi 1,150,000. Na sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa yetu. Ilikuwa arbuni ya wazazi.

Mama mmoja katika hao alikuwa ameuza kuku wake, wale kuku wa kienyeji ambao Singida inasifika kwao, ili binti yake aanze darasa la kwanza na sare mpya. Skuli zilipofunguliwa Januari, mtoto yule alikwenda na gauni la nyumbani. Mama yake hakutugombeza. Aliuliza tu: "Kwani ninyi lile doa hamkuliona? Mimi nililiona siku namleta mtoto kupimwa."

Tulimaliza kurudisha arbuni kwa miezi mitano. Swali la mama yule bado hatujalimaliza. Doa tuliliona. Hata fundi tulimpandisha. Kilichokosekana ni fungu la fedha lenye jina la paa, na tarehe.

Tunampakia nani rangi?

Hebu tuambizane ukweli. Ni lini wengi wetu tunatengeneza nyumba? Kukiwa na harusi. Kukiwa na posa, wageni wa upande wa pili wanakuja kuangalia. Mwezi wa Shaaban, ili Ramadhani itukute tumesafisha. Na siku tatu kabla ya Sikukuu, ndiyo hasa. Hapo ndipo mapazia yanashonwa, sebule inapakwa rangi, zulia linabadilishwa na kabati la vyombo linasogezwa upande mwengine.

Hakuna ubaya wa kupamba nyumba. Tatizo ni kwamba huo umekuwa ndio utunzaji pekee tunaoujua. Tunatunza kile ambacho mgeni atakiona akikaa kwenye kochi. Kenchi zinazoliwa na mchwa juu ya kichwa chake hazioni. Koki inayodondosha maji nyuma ya nyumba haioni. Soketi inayotoa cheche jikoni haioni, na sisi tumeifunika kwa kitambaa cha kufuma.

Tuiite kwa jina lake. Katika dini tunajua kuna amali ya siri na kuna ria. Sadaka ya siri ina uzito kwa sababu hakuna wa kuisifu ila Mola. Basi na nyumba ina kazi zake za siri. Hakuna jirani atakayekwambia mashallah, misumari yako imekaza. Hakuna atakayepiga picha mtaro uliozibuliwa. Ndiyo maana kazi hizo zinaachwa, na ndiyo maana anayezifanya ana ujira wake.

Kisha kuna jambo la kalenda, ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulifahamu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Sikukuu inarudi nyuma kila mwaka. Mvua hairudi nyuma. Mwaka 2025 Idi ya kumaliza Ramadhani iliangukia mwisho wa Machi. Maana yake Shaaban ilikuwa Februari, na huku Singida Februari ni katikati ya mvua. Wangapi tulipaka rangi ukuta wenye unyevu mwezi ule, na kabla ya mfungo mosi kwisha rangi ikavimba na kubanduka kama ganda la muhogo? Visiwani nako mwisho wa Machi ndio masika yanaingia. Tulitoa fedha, tukatoa jasho, tukaufanyia ukuta kazi katika mwezi usiofaa, kwa sababu tulifuata kalenda ya wageni.

Ibada ina kalenda yake na nyumba ina kalenda yake. Ya nyumba ni ya jua na mvua. Ukizichanganya utapata hasara, na Idi yenyewe itakukuta umechoka.

"Tumemwachia Mungu"

Neno hili tunalisikia sana, na tumelisema sana. Paa likiezuliwa tunasema ni kudra. Ukuta ukianguka tunasema siku yake ilifika. Ni kweli hakuna linalotokea bila idhini yake Mola. Lakini kuna tofauti ya kumtegemea Mungu na kumsukumia Mungu uzembe wetu. Bwana mmoja alimuuliza Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake au amwache na ategemee. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi tunataka kuanza na kutegemea, na kamba hatujainunua.

Tunafundishwa kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa alichochunga, na katika mafundisho hayohayo mwanamke ametajwa kuwa ni mchunga katika nyumba. Tunaipenda sana hadithi hiyo tunapozungumza malezi ya watoto. Kwa nini haifiki kwenye paa ambalo watoto hao wanalala chini yake?

Tunafundishwa pia kwamba amali inayopendeza zaidi ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Tunaitumia kwenye rakaa za sunna na kwenye kusoma kurasa mbili za msahafu kila siku. Nyumba nayo inaishi kwa kanuni hiyohiyo. Msumari mmoja leo, mtaro mwezi ujao, tone la mafuta kwenye bawaba. Kidogo cha kudumu.

Na tumtazame Nabii Yusuf a.s. Alipoitafsiri ndoto ya mfalme wa Misri hakuishia kusema njaa inakuja, tumwombe Mungu. Alitoa mpango: miaka saba ya kulima, nafaka ibaki kwenye masuke yake, kiliwe kidogo, kiwekwe cha miaka saba ya shida. Nabii huyu alipanga bajeti kabla ya ukame kufika. Nani katika sisi ana tawakkul kuliko yeye?

Kuna hoja nyengine ambayo kwetu visiwani tungepaswa kuijua kuliko watu wengine, kwa sababu tumezungukwa na mali za wakfu. Wanazuoni wa fiqhi wameandika kwamba mapato ya wakfu, kabla hajapewa mnufaika yeyote, kwanza yatumike kuitunza mali yenyewe isiharibike. Nyumba ya wakfu inayopangishwa kwa ajili ya mayatima, shilingi yake ya mwanzo inakwenda kwenye nyumba, kwa sababu nyumba ikianguka mayatima wamekosa milele. Hiyo ndiyo hoja yetu yote ya leo. Tunachoomba ni kwamba nyumba unayoishi uifanyie kama wanavyoagiza kuifanyia ya wakfu: haki yake itoke mwanzo, kabla ya pazia, kabla ya vyombo vipya, kabla ya sare ya harusi ya shoga yako.

Waliotutangulia walijua

Watatwambia mambo haya ni ya watu wenye pesa, wenye nyumba za vigae. Si kweli. Kabla ya bati, wenyeji wa huku, Wanyaturu na majirani zao Wagogo, walikuwa wakijenga tembe. Tembe ni nyumba ya chini, ya miti na udongo, na paa lake pia ni la udongo uliotandazwa juu ya nguzo, mapau na fito. Bado zipo vijijini mpaka leo. Bibi mmoja jirani yetu amezaliwa ndani ya tembe. Tulimuuliza ilikuwaje paa la udongo lisivuje. Akacheka. Akasema lilikuwa linavuja kwa wavivu. Kiangazi kikielekea kwisha watu walipanda juu, wakatafuta nyufa, wakaongeza udongo na kuushindilia kabla ya wingu la kwanza. Kuta na sakafu zilisiribwa tena. Kazi hiyo ilikuwa na msimu wake kama kulima. Asiyeifanya alijulikana kijiji kizima, kwa sababu alilala amekaa.

Watu hao hawakuwa na benki wala daftari. Walikuwa na desturi. Sisi tulipopata bati tukadhani tumepata paa lisilohitaji mtu, tukaitupa desturi pamoja na udongo.

Na kwetu je? Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta hizo zinataka chokaa kila baada ya muda, na zinataka maji ya mvua yasisimame juu ya paa wala kuingia kwenye vichwa vya boriti. Anayezikandika saruji juu ya chokaa ili zing'ae anafungia unyevu ndani, na ukuta unaoza kwa siri nyuma ya sura nzuri. Mwaka 2000 mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, tukajivuna, na haki yetu. Lakini tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafariki dunia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Jengo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, ambalo kila mtoto wa Unguja amelipita akielekea Forodhani. Lilikuwa limefungwa miaka kwa sababu ya ubovu, na siku lilipoanguka mafundi walikuwa tayari wamo kazini. Matengenezo yakichelewa sana, hata siku yanapofika huwa ni hatari.

Hatulitaji jengo lile ili kumnyooshea mtu kidole. Tunalitaja kwa sababu jumba la kifalme na fremu yetu ya Singida vimesema neno moja.

Visingizio vinne

Cha kwanza: "Nyumba ni wajibu wa mume." Ni kweli, na tusikubali mtu aturudishe nyuma katika hili. Maskani ni haki ya mke juu ya mume, na mali ya mwanamke ni yake. Akitoa shilingi yake kuziba paa ni hisani, si wajibu. Lakini wajibu wake wa kulipa haukuondolei wewe macho. Nani anashinda ndani ya nyumba? Nani anajua mlango wa choo umevimba na bomba la jikoni linalia usiku? Mume hawezi kulipia asichoambiwa. Na kumwambia kuna namna. Tukimwamsha saa nane ya usiku mvua inapiga, ndoo nne zimepangwa chumbani, tukaanza "nilikwambia mimi", huo ni ugomvi. Tukikaa naye mwezi wa nane baada ya chakula, na karatasi ina mambo matano, kila moja na bei yake na mwezi wake, hayo ni mashauriano. Tumejaribu njia zote mbili. Ya pili inaleta misumari.

Tusiwasahau na wenzetu wajane, walioachwa, na wenye nyumba zao wenyewe. Kwao hakuna wa kumsubiri, na baadhi yao ndio wanaotunza vizuri kutuzidi.

Cha pili: "Sisi wapangaji." Hiki kilikuwa chetu, na kimetugharimu shilingi 1,150,000. Nyumba si yako, lakini kitanda ni chako, godoro ni lako, majora ni yako, na mtoto ni wako. Unapotoa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, hiyo ndiyo siku una nguvu ya kuzungumza. Siku hiyo, kabla fedha haijatoka mkononi, pita chumba kwa chumba na mwenye nyumba. Piga picha. Andikeni kwenye mkataba nani anatengeneza nini, na kwamba ukitengeneza wewe kwa makubaliano, risiti zitakatwa kwenye kodi inayofuata. Akikataa kuandika, umeshamjua mapema. Na kazi ndogo ya shilingi 5,000 inayolinda mali yako ifanye tu, usihesabiane naye.

Cha tatu: "Hela hatuna." Hapa tunaomba radhi mapema, kwa sababu wapo ambao kweli hawana, hata cha kula hakitoshi. Hao hatuwasemi, na sisi majirani ndio tunaoulizwa juu yao. Tunawasema wale ambao hela ya sare ya harusi inapatikana. Hela ya seti ya vyombo kwa mkopo inapatikana. Mchezo wa kila wiki unapatikana, haukosi hata mara moja, kwa sababu ukikosa utatangazwa. Paa halitangazi, ndiyo maana linadhulumiwa.

Cha nne: "Bado haijaharibika." Dada, ulipojifunza kushona, somo la kwanza lilikuwa nini? Sisi tulipoingia chuo cha ushonaji hatukuanza kukata kitambaa. Tulianza kwa kuifungua cherehani, kutoa vumbi la nyuzi chini ya meno, na kuitia mafuta tone tone. Mashine ilikuwa mzima. Mwalimu alisema unaitia mafuta kwa sababu ni mzima, ikishakufa utaitia mafuta ya nini? Tunajiuliza kwa nini cherehani ya shilingi laki tatu tunaitia mafuta kila wiki, na nyumba ya mamilioni tunaingoja ilie.

Hesabu yenyewe

Basi tusiishie kulalamika. Hivi ndivyo tunavyofanya tangu Disemba ile, nyumba zetu mbili na fremu.

Kila nyumba inatoa shilingi 1,000 kwa siku. Ikifika mwisho wa mwezi ni 30,000, na kwa mwaka ni 365,000. Inaingia kwenye kibubu kilichoandikwa NYUMBA, na kila mwezi tunaihamishia kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kwa jambo jengine. Wako wanaopenda kipimo cha asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka. Nyumba ya milioni 30 kwa kipimo hicho inahitaji 300,000, kwa hivyo elfu moja ya kila siku haiko mbali. Asiyeweza 1,000 aanze na 300. Kudumu ndiyo muhimu.

Ile 30,000 ya mwezi tunaigawa mafungu matatu. Nusu, 15,000, ni ya kazi za kawaida zilizo kwenye kalenda. Fungu la pili, 10,000, ni la vitu vinavyozeeka: bati, tanki, rangi ya nje, mlango. Hilo tunalilimbikiza, na kila mwaka tunabadilisha kitu kimoja kikubwa kabla hakijafa. Fungu la tatu, 5,000, ni la dharura, na haliguswi kwa ajili ya harusi ya mtu, hata awe mtoto wa shangazi.

Kalenda yetu ya Singida ni hii:

Mei na Juni, mvua ikishakatika, tunaizunguka nyumba na daftari. Alama bado mbichi. Tunaona maji yalisimama wapi, ukuta umepasuka wapi, dari ina doa wapi. Nyufa ndogo zinazibwa hapohapo.

Julai ni mwezi wa mchwa. Tunatafuta zile njia zao za udongo zinazopanda ukutani, tunazivunja, tunatia dawa kwenye miti, na kuni tunazisogeza mbali na ukuta.

Agosti na Septemba ni za paa. Misumari, maungio, papi, kenchi. Watu wengi huku wameshauza alizeti zao kwa hivyo fedha ipo, na mafundi bado hawajagombaniwa. Rangi ya nje pia ni sasa, ukuta ukiwa mkavu, iwe Sikukuu iko karibu au mbali.

Oktoba tunasafisha gata na tanki, tunazibua mitaro, tunapunguza matawi yaliyolalia bati, na tunaangalia shimo la choo kabla maji ya ardhini hayajapanda.

Mwanzo wa Novemba tunamwita fundi umeme aangalie waya na soketi, kabla unyevu haujaingia.

Na kila mwezi, jioni moja tu, tunakagua koki. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi na yanaacha ukoko mweupe unaokula mipira ya koki.

Nyinyi mlioko visiwani, msiinakili kalenda yetu, mtapotea. Kwenu mna kiangazi cha Januari na Februari kabla ya masika, na Agosti na Septemba kabla ya vuli. Gaweni kazi mara mbili. Kutu ya hewa ya bahari ndiyo adui wenu mkubwa, basi bati na vyuma vya madirisha viangaliwe misimu yote miwili. Wenye makuti wanajua yanachoka lini, waanze kuyawekea fedha mwaka mmoja kabla. Wenye nyumba za chokaa watafute fundi anayejua chokaa.

Jambo la mwisho ni vikoba na michezo yetu. Vikoba vingi huvunjwa Disemba. Kwa Singida, Disemba mvua imeshaingia, na fedha za mgao zinakuta paa linavuja tayari na fundi amepanda bei. Kikundi chetu, ambacho hakitozani riba, mwaka jana kilikubaliana kugawana mwisho wa Julai. Na kwenye mchezo, zamu ya Agosti tunampa mwenye paa bovu kuliko wote, bila kura. Wa kwanza kupata zamu hiyo alikuwa mama wa kuku. Alibadilisha bati nne na kukaza zilizobaki.

Tumalizie

Kila mmoja wetu anaijua methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeifuma kwenye vitambaa, tumeiandika kwenye khanga, tumewaambia watoto. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiandika kwenye bajeti. Mwaka huu tuiandike.

Kwa hivyo tunawaomba jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Chukua kiti, ingia chumba kimoja kimoja, tazama juu. Si mapazia, juu. Andika unachokiona, uliza bei yake, iandikie mwezi. Kisha weka shilingi ya kwanza. Ukishafanya hivyo na ikabaki ya pazia, njoo, tutakushonea na tutakupunguzia bei.

Ewe Mola wetu, zijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu, utulindie waliolala ndani yake, na usitujaalie kuwa wenye kuona doa na kunyamaza. Amin.

Wassalaam alaykum.